Sosi ya Mama Iliyokwenda Kiriaini

Mke wa mwanangu ana chupa ya sosi kwenye friji yake, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya nyama choma. Jumapili moja aliimimina kwenye sufuria ndogo aipashe moto, na siki ilipokutana na sukari harufu ile ikanijia kabla sijajiandaa. Nikatoka nje. Nikawaambia moshi umeniingia machoni, ingawa wanapikia gesi na hapakuwa na moshi wowote mle jikoni. Watoto wa siku hizi wana adabu zao, hakuna aliyenibishia.

Wenzangu wa rika langu, mlioanza darasa la kwanza bendera ikiwa bado mpya, mnajua nyama choma kwetu ilikuwa na chumvi, basi. Chumvi inamwagwa kwenye kibao cha kukatia, kila mtu anachovya, hadithi imeisha. Nikisema mama yangu alikuwa akipikia nyama choma sosi nzito, nyekundu ya kuelekea weusi, tena huku juu Gatitu, mtaniona mwongo. Lakini kabla hajaolewa Mama alifanya kazi kwenye jiko la hoteli moja ya Wazungu, kazi ya kumenya na kuosha. Alipoacha kazi ile hakuondoka na kitu kingine cha maana ila sosi kichwani mwake. Na hata hiyo aliigeuza. Wazungu waliweka vitu vya chupa; yeye aliweka matunda damu ya mti uliokuwa nyuma ya choo, na sukari nguru ya sokoni.

Niliruhusiwa kumsaidia kwa sababu nilikuwa mtoto wake wa kwanza, na kwa sababu nilikuwa mtu wa kutulia mahali. Kazi ilianza umande ukiwa bado kwenye majani. Alizichoma nyanya moja moja juu ya makaa mpaka ganda linapasuka, kisha tunazimenya zikiwa bado moto, mimi nikipuliza vidole na yeye akinicheka. Vitunguu alivikata vyembamba sana, akavikaanga kwenye mafuta ya mbuzi pole pole mpaka vikawa rangi ya mchanga wa mtoni. Sukari nguru aliikwangua kwa panga. Matunda damu aliyakata katikati na kuyakamua, yale maji yake mekundu yakimtiririkia mpaka kwenye viwiko. Pilipili aliifunga kwenye kitambaa na kuining'iniza ndani ya sufuria kwa uzi, ili aitoe akitosheka nayo. Siki ilikuja mwisho, na siki ilipoingia sote wawili tulikimbilia mlangoni tukikohoa.

Baada ya hapo ilikuwa ni kungoja. Moto wa sosi haukuwa moto wa githeri, ule mkali wa kuchemshia mahindi na maharagwe. Tulitumia kuni za miti ya kahawa, yale matawi yaliyokatwa wakati wa kupogoa, kwa sababu zinawaka taratibu na moshi wake ni mchache. Mimi nilikuwa mtu wa kuni. Nikiongeza kijiti kikubwa kidogo Mama alikitoa. "Isichemke," alikuwa akiniambia. "Ipumue tu." Na kweli ilikuwa ikipumua: povu moja linainuka katikati, linakaa, linapasuka na kutoa kishindo kidogo, halafu kimya tena. Ningeweza kuangalia vile kutwa nzima, na mara nyingi niliangalia kutwa nzima. Jua likianza kushuka alichota kidogo, akaipaka nyuma ya sahani ya bati, akapitisha kidole katikati. Njia ya kidole ikibaki wazi, sosi imeiva. Ikijifunga, tunarudi kwenye kuni.

Sasa niseme habari ya Baba. Baba alikuwa dereva wa chama cha ushirika cha kahawa, mwenye pikapu ya kijani ambayo mtaa mzima uliijua kwa mlio wake. Alikuwa mtu wa maneno matamu, na nilimpenda vibaya sana. Alisafiri Othaya, alisafiri mpaka Kiriaini, na hakurudi bila kitu mfukoni, hata kama ni peremende moja iliyoshikana na karatasi yake. Mama alimpenda pia, ila yeye alikuwa na njia yake ya kumpenda. Alimpikia.

Jioni moja Baba alirudi na kaka yake, yule tuliyemwita Baba Mkubwa, wakaketi jikoni, jambo ambalo Baba Mkubwa hakuwa akilifanya. Wanaume wa umri wake hawakuketi jikoni mwa wanawake. Baba akavua kofia.

"Mama Wamuyu, Kiriaini wako na harambee ya shule," akasema. "Wanajenga madarasa. Mimi nimewaambia juu ya sosi yako."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia hawajawahi kula nyama."

Mama alicheka, akageukia chungu ili asionekane anavyofurahi. "Ati watu wa Murang'a wakule sosi ya mwanamke wa Gatitu? Si watasema umewaletea dawa?"

"Watakula mpaka walambe vidole. Na kuna watu wakubwa wanakuja hapo. Hii ni kitu ya maana."

"Basi na mimi nitakuja. Nione wakilamba."

Baba akaitazama kofia yake. "Gari ni ya chama, unajua. Itabeba mbuzi na wazee, nafasi hakuna. Lakini Wamuyu atakuja. Ashike sufuria isimwagike. Si ndiyo, Wamuyu?"

Mimi nilikuwa nimesharuka juu. Mama akamgeukia Baba Mkubwa. "Hiyo harambee iko kweli, ama huyu ananichezea tu?" Alisema kwa utani, kama watu wanavyosema. Baba Mkubwa akakohoa, akasema iko, iko, akauliza kama chai imebaki.

Nimeirudia jioni ile mara nyingi kuliko sala yoyote. Hakuna mtu aliyemlazimisha Baba Mkubwa kujibu. Angeweza kukohoa tu.

Mama aliipika ile sosi kuliko alivyowahi kuipika. Alikwenda soko la mjini yeye mwenyewe kuchagua nyanya. Aliazima sufuria kubwa ya chama cha akina mama wa kanisa, ile ya kupikia harusi. Aliimba nyimbo za kanisa siku nzima, moja baada ya nyingine, na ilipokaribia kuiva aliniita nionje, akaniuliza kwa uso wa kazi kabisa, "Imepungua nini?" Hakuwa amewahi kuniuliza hivyo. Nikaonja, nikafikiri, nikasema haijapungua kitu. Akakubali neno langu. Siku ile nilijiona mtu mzima, na mpaka leo sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

Asubuhi alifunga mfuniko kwa kitambaa cheupe alichokipiga pasi. Alipiga pasi kitambaa cha kufungia sufuria! Akanivalisha gauni la Krismasi, akaniambia nisiinue mfuniko njiani hata tukikwama kwenye matope, na nikirudi nimwambie kila kitu, nani alikula, nani alisema nini.

Niliketi mbele na Baba, sufuria katikati ya magoti yangu. Wazee na Baba Mkubwa walikuwa nyuma na mbuzi. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, ikipanda na kushuka, chai upande huu, kahawa upande ule, na kila kona nilikumbatia sufuria kwa mikono yote miwili. Othaya tukasimama. Baba akaninunulia mandazi na soda yangu peke yangu, nisigawane na mtu. Akaegemea dirisha la upande wangu.

"Wamuyu, huko watauliza nani alipika. Utasema nini?"

"Mama."

"Sema kwa nguvu. Watu ni wengi, hawatasikia."

"Mama!"

"Sasa hiyo ndiyo sauti. Na wakiuliza kama alipika na roho safi?"

Nikamwambia alikuwa akiimba. Baba akanishika kidevu. "Basi waambie hivyo. Usiongeze, usipunguze. Nataka mama yako asifiwe mbele ya watu." Na mimi nikaona hakuna baba kama wangu, anayetaka mkewe asifiwe hadi wilaya nyingine.

Kiriaini sikuona shule. Tulifika kwenye boma la watu, nyumba ya mbao yenye mabati, uwanja umefagiliwa, na wanawake wakatupokea kwa vigelegele. Nikajiambia hapa ni kwa mwenyekiti wa shule. Kulikuwa na mwanamke mmoja wa kitambaa cha njano kichwani, kijana kuliko Mama, ambaye kila mtu alikuwa akimtafuta kwa macho na yeye akiangalia chini. Huyo nikaamua ni mwalimu mkuu. Walimwita Wairimu. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa na hoteli ya chai pale sokoni, mahali ambapo pikapu ya kijani ilijua kusimama bila kuambiwa.

Wanaume walichinja na kuchoma nyuma ya nyumba, kama kawaida. Nyama ilipokaribia kuiva wazee wa kwao wakaketi upande mmoja, wetu upande mwingine, na mimi nikaitwa nisimame karibu na sufuria yangu. Mzee wao mkubwa, mtu wa koti refu, akauliza jambo ambalo sikulielewa.

"Kabla hatujakula," akasema, "nyumba kubwa imesema nini? Sisi hatupokei mbuzi ya mtu kama kuna machozi imebaki nyuma."

Baba akasimama. "Nyumba kubwa imesema na mikono yake," akasema, na akaionyesha sufuria. "Mke wangu amewapikia chakula. Na amewatumia mtoto wake wa kwanza aibebe. Mwulizeni huyu."

Yule mzee akaniita karibu. Alikuwa mpole, sina la kumlaumu. Aliuliza vizuri kama mtu anavyopaswa kuuliza. "Mtoto, nani alipika hii?"

"Mama!" nikasema, na sauti yangu ikafika mpaka barabarani. Watu wakacheka kwa kupendezwa.

"Alipika na roho safi?"

"Ndiyo. Alikuwa anaimba."

Vigelegele vilipigwa mpaka nikaziba masikio. Mzee akaniwekea mkono kichwani. Kitambaa cheupe kikafunguliwa, sosi ikamwagwa juu ya nyama kwenye vibao, na kwanza wakaitazama kwa wasiwasi, hasa wale wazee wa kwao. Mmoja akachovya ncha ya kipande. Akatafuna. Akachovya tena, na mara hii hakuchovya ncha. Baada ya hapo sikuona tena mtu akiuliza kitu. Nilisimama pale nikihesabu waliolamba vidole ili nikamwambie Mama, nikapoteza hesabu.

Kisha wakaleta mkono wa mbuzi kwenye sinia. Baba akapewa kisu, akakata, na yule mwanamke wa kitambaa cha njano akapokea kipande kutoka mkononi mwake, akala. Shuleni kwetu nilikuwa nimemwona ofisa akikata utepe kwa makasi kufungua darasa. Nikajua basi, hii ndiyo kufungua shule. Watu wa Murang'a hawana utepe, wanakata mbuzi. Nikapiga makofi kuliko wote.

Mama mzazi wa yule mwanamke akaniletea sikio la mbuzi limechomwa vizuri, akanikalisha kwenye kigoda karibu naye. "Kula, mtoto yetu," akasema. "Sasa hapa ni kwenu." Nikala. Lilikuwa tamu, la kukauka kauka, na nililichovya kwenye sosi ya Mama.

Tulirudi jua likizama. Mama alikuwa uwanjani akiningoja. Alichukua sufuria tupu, akainama kuiosha, na alikuwa akitabasamu kwa sababu hata mabaki pembeni hayakuwepo, watu walikuwa wamefuta kwa vidole. "Haya, niambie," akasema. "Walisema nini?"

Nikamwambia yote. Nikaanza na vidole, nikaenda kwa yule mzee wa koti refu. Nikamwambia vile nilivyojibu kwa nguvu. Nikamwambia sikuona darasa hata moja lakini walifungua shule, Baba mwenyewe ndiye aliyekata mkono wa mbuzi, akampa mwalimu mkuu.

Mkono wake ukasimama ndani ya sufuria.

"Alimpa nani?"

"Mwalimu mkuu. Wairimu. Akala."

"Na wewe walikupa nini?"

"Sikio."

Kwetu, hata wewe msomaji wa nje ukae ukijua, nyama inasema. Kwenye harambee nyama inauzwa, anayetaja bei kubwa ndiye anayeibeba. Sikio la mbuzi linapewa binti wa nyumba ile. Na mwanamume hakati mkono wa mbuzi akampa mwanamke mkononi, mbele ya wazee wa pande mbili, ila siku ya kumuoa. Mimi sikujua. Mama alijua, na alijua pale pale, kutoka kwenye sahani yangu, kabla mtu yeyote wa pikapu hajamwambia neno. Aliketi chini kwenye nyasi zenye maji, na gauni lake zuri. Akauliza, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza bei, "Na walikuuliza kama nilipika na roho safi?"

Nikasema ndiyo. Nikasema niliwaambia alikuwa akiimba.

Akanivuta, akanishika kichwa kifuani kwake, na nilisikia moyo wake unavyopiga. Hakunipigia kelele. Wakati mwingine natamani angenipigia, ningekuwa na mtu mmoja zaidi wa kukasirikia.

Nilichelewa kuelewa, lakini nilipoelewa nilielewa kwa jumla, na tangu hapo hasira haijaniisha. Wengi wa umri wangu walikuwa na baba wa nyumba mbili, hiyo haikuwa ajabu, na wengine walilelewa vizuri tu. Siandiki kulalamika juu ya nyumba mbili. Angekuja akamwambia Mama usoni, Mama angekataa. Alikuwa ameolewa kanisani, na shamba la kahawa la bondeni alilipanda yeye kwa mikono yake, akilibebea maji mgongoni, na hakuwa mtu wa kuligawa na nyumba nyingine. Akikataa, wale watu wa Kiriaini wasingepokea mbuzi, kwa sababu walikuwa watu wanaojiheshimu. Baba alilijua hilo. Ndiyo maana hakumwuliza. Alichukua kitu ambacho Mama alikifanya kwa kumpenda, akakigeuza kuwa "ndiyo" ambayo Mama hakuisema. Halafu akatafuta shahidi ambaye hawezi kusema uongo, akamnunulia soda.

Baba alipofariki, mimi na ndugu zangu wa nyumba zote mbili tulimzika. Wairimu naye alikuwepo, mzee, anatembea kwa fimbo. Alinishika mkono akaniambia kitu nisichokitegemea. Aliniambia kwamba miaka ile yote alikuwa akishangaa mbona mama yangu hakumtembelea hata mara moja, baada ya kumkaribisha kwa chakula kizuri vile. Sikumwambia. Aliyoyasema Mama mbele ya wazee hayakuwa yamemfikia, alikuwa amedanganywa kwa sufuria ile ile, na uzee wake ulikuwa umemtosha. Wimbo ulipoanza kaburini niliimba na wengine. Machozi yalitoka, sikatai, lakini nilikuwa nimeshika mkono wa mdogo wangu, na yeye anajua nilivyombana.

Ila siku ninayotaka kuisema si hiyo. Ni siku ya wazee, wiki chache baada ya safari ya Kiriaini.

Mama hakulia mbele yetu. Alivaa nguo yake nyeupe ya kanisani, akaenda kwa wazee wa ukoo wa Baba mlango kwa mlango, akaomba wakae. Wakakaa, uwanjani kwetu, na yule mzee wa koti refu akaitwa kutoka Kiriaini, akaja. Nilikaa mlangoni mwa jikoni na wadogo zangu. Mama akasimama katikati. Wanawake hawakuwa wakisimama katikati.

"Mimi sikukubali," akasema. "Sikuulizwa. Niliambiwa ni harambee ya shule. Nilipikia watoto wa wenyewe wapate mahali pa kusomea. Kama kuna mtu alinisikia nikikubali, asimame."

Hakuna aliyesimama. Baba Mkubwa aliangalia viatu vyake. Yule mzee wa Kiriaini akasikitika, ilionekana usoni, akasema yeye aliuliza, na aliuliza mbele ya watu, na chakula kililiwa. Mzee wa ukoo wetu, aliyekuwa akiongoza, akafikiri kidogo.

"Mama Wamuyu, sisi tunakusikia," akasema. "Lakini chakula yako ilienda. Mtoto yako aliibeba. Mtu hapiki kutwa nzima ile kitu hataki. Sasa mtoto ndiyo huyo. Aje tumwulize."

Nikaitwa. Nikatoka mlangoni, nikasimama mbele yao. Nilikuwa nimeshajua. Nilijua nikisema ndiyo Mama ameshindwa, na nilikuwa tayari, nawaambia kweli, nilikuwa tayari kusema sosi ilipikwa na jirani, na shetani, na mtu yeyote yule. Nikamtazama Mama. Akaona ninachotaka kufanya.

"Sema ukweli, Wamuyu," akasema. "Wewe hujakosa kitu. Sema ukweli na usiogope."

"Nani alipika?" mzee akauliza.

"Mama."

"Alipika na roho safi?"

"Ndiyo," nikasema. Na kabla hajageuka nikaongeza, kwa ile sauti niliyofundishwa Othaya, "Lakini alipikia harambee! Baba ndiye alisema ni harambee! Alisema jikoni, na Baba Mkubwa alikuwa hapo!"

Baba Mkubwa hakuinua macho. Mzee akakuna shavu lake, si kwa ubaya, kama mtu aliyechoka.

"Mtoto ameulizwa nani alipika," akawaambia wenzake. "Hajaulizwa alipikia nini."

Mimi sikuogopa bado. Nilimgeukia Baba. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, kofia magotini, na neno moja tu lingetosha. Angesema, "Kweli, nilisema." Hilo tu. Lingetosha kuwaondoa wazee wale wote uwanjani, na shamba la bondeni likabaki zima. Alikuwa akinitazama machoni, na nilikuwa na hakika kabisa atasema, kwa sababu hapo mwanzo alikuwa ameniambia nisiongeze wala nisipunguze, na sikuwa nimeongeza kitu ambacho hakikuwepo.

Baba akavaa kofia yake.

"Mtoto ameshajibu," akawaambia wazee. "Tuendelee."